Barafu ya Ruwenzori: Inashuka ao Inapanda?

Katika Masifu ya asubuhi ya Jumapili tunasali wimbo wa wale vijana watatu waliotupwa katika tanuru ya moto, kama ulivyoandikwa katika kitabu cha Danieli. Humo viumbe vyote vinaalikwa kumsifu Bwana: jua na mwezi, mvua na umande, baridi, barafu na theluji. Siku moja huko Kasugho, baada ya sala hiyo, mkatekista mmoja mzee alinijia akaniuliza: «Padri, theluji tunaiambia imsifu Mungu, lakini sisi wa hapa hatujaigusa hata siku moja. Vijana wanaosoma wanasema kwamba barafu ya Ruwenzori inashuka bondeni kama mto. Kisha redio inasema kwamba inarudi nyuma kuelekea juu. Je, inashuka ao inapanda?»

Siku ile sikuwa na jibu zuri. Nilimwomba anipe muda, nikatafuta. Sasa nawaandikia ninyi, mapadri wenzangu, waseminari na wakatekista, kwa maana swali la mwalimu yule ni swali la kweli, na wengi kati yetu tunahubiri juu ya jambo hili bila kulifahamu. Jibu kwa kifupi ni hili: barafu inashuka siku zote, hata wakati inapopungua. Ni mwisho wake tu unaopanda. Tuone sasa namna gani mambo hayo mawili yanapatana.

I. Mlima wa theluji

Kasugho ni nchi ya vilima na misitu, karibu na hifadhi ya Tayna. Anayetaka kuona theluji lazima aende mashariki, ng'ambo ya Butembo na Beni, na kungoja asubuhi isiyo na mawingu. Hapo, juu ya bonde la Semliki, ataona Ruwenzori. Wazee wetu Wanande, pamoja na ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda, waliita theluji «nzururu», na mlima wakauita Rwenzururu, maana yake mahali pa theluji. Walisema pia kwamba Kitasamba anakaa huko juu, na watu walipaogopa.

Kilele kirefu kuliko vyote ni Margherita, katika mlima Stanley, chenye metri 5.109. Mpaka wa Kongo na Uganda unapita hapo hapo. Upande wetu ni sehemu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Njia ya kupanda yaanzia Mutwanga na kufuata bonde la mto Butawu. Lakini kwa sababu ya vita, kwa miaka mingi wachache tu wamepanda kutoka upande huu. Huko juu kuna maziwa madogo ambayo Wazungu waliyaita Ziwa Jeusi, Ziwa la Kijani na Ziwa la Kijivu. Jina hili la mwisho mlikumbuke, kwani tutalirudia.

II. Theluji inavyogeuka kuwa barafu

Watu wengi wanadhani kwamba barafu ya mlima ni maji yaliyoganda, kama yale ya frigo. Sivyo. Barafu ya mlima ni theluji iliyokandamizwa. Theluji inapoanguka ni nyepesi sana, kwani sehemu yake kubwa ni hewa. Ukijaza ndoo ya lita 10 theluji mpya, kisha ukaiyeyusha, utapata yapata lita 1 tu ya maji.

Lakini theluji ya leo huangukia juu ya ile ya jana, na ya kesho itaangukia juu ya ile ya leo. Uzito wa ile ya juu unakandamiza ile ya chini. Hewa inatoka kidogo kidogo, punje zinashikamana, mwisho inakuwa kitu kigumu chenye rangi ya samawati. Ndoo ile ile ya lita 10, ikijaa barafu hiyo, inatoa lita 9 za maji. Basi, mahali ambapo theluji inayoanguka ni nyingi kuliko inayoyeyuka, lundo linaongezeka kila mwaka. Na lundo linaloongezeka juu ya mteremko haliwezi kukaa pale pale.

III. Kitu kigumu kinawezaje kutembea?

Barafu ukiipiga kwa nyundo inapasuka kama kioo. Lakini ukiikandamiza polepole, kwa uzito mkubwa, kwa siku nyingi, inajipinda bila kuvunjika. Chukueni mfano wa mshumaa wa altare. Ukiuangusha sakafuni unakatika. Lakini ukiuacha umeinama wakati wa joto, baada ya siku chache unakuta umejipinda wenyewe kama upinde. Hakuna aliyeupinda. Uzito wake na muda vimetosha.

Barafu ya mlima inatembea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hiyo ya mshumaa: barafu ya ndani, chini ya uzito mkubwa, inanyooka na kujipinda kuelekea chini. Kadiri ilivyo nene, ndivyo inavyotembea upesi, na si kwa kadiri sawa: unene ukiongezeka kidogo, mwendo unaongezeka sana. Barafu ya juu, kwa kina cha metri 30 hivi, haina uzito wa kutosha juu yake, kwa hiyo haijipindi bali inapasuka. Ndiyo sababu ya zile nyufa kubwa ambazo wapandaji wanaziogopa.

Njia ya pili ni kuteleza. Jua linapoyeyusha barafu ya juu, maji yanaingia katika nyufa mpaka chini kabisa, penye mwamba. Hapo yanafanya kazi kama sabuni chini ya mguu: barafu yote inateleza juu ya mwamba. Ikiteleza inabeba mawe, na mawe hayo yanakwaruza mwamba kama tupa na kuusaga kuwa unga laini. Unga huo unaingia katika maji, na maji yanakuwa ya kijivu. Kwa hiyo, mara nyingi ziwa la kijivu ao kijito cha kijivu chini ya barafu ni ishara kwamba barafu hiyo inatembea ao ilitembea, ingawa macho hayaoni.

IV. Kanoni Rendu na mto wa barafu

Inafaa waseminari wajue kwamba mmoja wa watu wa kwanza kulifahamu jambo hili vizuri alikuwa padri. Louis Rendu, kanoni wa Savoie, aliandika mwaka 1840 kitabu juu ya barafu za nchi yake. Mwaka 1843 alifanywa Askofu wa Annecy. Yeye alisema wazi kwamba barafu inatembea kwa kufuata sheria za mto: katikati yaenda upesi kuliko pembeni, bondeni pembamba inajibana, bondeni papana inajitandaza. Miaka michache baadaye wataalamu walipopima kwa vyombo, walikuta kwamba Kanoni yule alisema kweli.

Kulikuwa tayari na ishara. Mwaka 1827 Mswisi mmoja, Franz Joseph Hugi, alijenga kibanda juu ya barafu ya Unteraar. Miaka 14 baadaye kibanda kilikutwa zaidi ya kilometri 1 chini ya mahali kilipojengwa. Hakuna aliyekisukuma.

Ishara nyingine ni ya huzuni. Mwaka 1820, katika Mont Blanc, maporomoko ya theluji yaliwatupa viongozi watatu wa wapandaji ndani ya ufa mkubwa. Hawakuonekana tena. Mskoti James Forbes, aliyekuwa amepima mwendo wa barafu, alisema kwamba miili yao itatokea chini baada ya miaka 40 hivi. Kweli, mwaka 1861 mabaki yao yalianza kutokea kwenye mwisho wa barafu ya Bossons, bondeni kabisa. Barafu ilikuwa imewabeba kwa muda wa miaka 41, mchana na usiku, pasipo kusimama.

V. Maandamano yanayoshuka

Sasa tumefika kwenye swali la mwalimu wetu. Ikiwa barafu inashuka siku zote, kwa nini haifiki mpaka Semliki? Na ikiwa inashuka, kwa nini wanasema inarudi nyuma?

Fikirini maandamano ya Sakramenti Takatifu yanayotoka katika kapela kilimani na kushuka njiani. Wote wanatembea kuelekea chini, hakuna anayegeuka. Lakini njiani mmoja anachoka na kuingia nyumbani kwake, mwingine vilevile, na kadiri wanavyoshuka wanaoacha ni wengi zaidi. Mahali ambapo mtu wa mwisho anaacha njia, hapo ndipo maandamano yanapokwisha. Sasa, mwaka ujao, watu wachache zaidi wakitoka kapelani, ao wengi zaidi wakiacha njiani, maandamano yatakwisha mahali pa juu zaidi. Mtu akisimama bondeni atasema: «Maandamano yamerudi nyuma.» Lakini hakuna aliyerudi nyuma hata mmoja.

Ndivyo ilivyo barafu. Wanaotoka kapelani ni theluji inayoanguka juu. Wanaoacha njiani ni barafu inayoyeyuka chini. Katikati kuna mstari ambapo mapato na matumizi yako sawasawa. Juu ya mstari huo barafu inatajirika, chini yake inafukarika. Na mwendo wa barafu ni kazi ya kuchukua mali ya juu na kuipeleka chini kwenye upungufu.

Katika nchi za Ulaya hesabu hiyo inafuata majira. Wakati wa baridi barafu inapokea. Wakati wa kiangazi chao, tangu Juni mpaka Septemba, inatumia. Wataalamu wanatoboa barafu na kusimika miti mirefu ndani yake. Kiangazi kikipita wanarudi kuitazama: urefu wa mti uliojitokeza unaonyesha barafu kiasi gani imeyeyuka, na mahali mti ulipofika panaonyesha barafu imetembea kiasi gani. Mwanzoni mwa kiangazi mwendo unaongezeka, kwani maji yanafika chini kwa wingi na hayajapata njia ya kutokea; yanaiinua barafu kidogo, nayo inateleza. Lakini baadaye, ingawa joto bado ni kali, mwendo unapungua, kwa sababu maji yamejichimbia mifereji chini ya barafu na yanatoka upesi. Uswisi, katika viangazi viwili tu vya mwaka 2022 na 2023, ilipoteza sehemu 1 katika 10 ya barafu yake yote.

VI. Kwetu hakuna kiangazi cha namna hiyo

Ruwenzori iko karibu kabisa na Ikweta. Huko juu tofauti ya joto kati ya mwezi na mwezi ni ndogo. Tofauti kubwa ni kati ya mchana na usiku. Kila mchana jua linayeyusha, kila usiku maji yanaganda tena. Kwa hiyo sehemu ya chini ya barafu yetu haina miezi ya kupumzika: inayeyuka mwaka mzima. Kinachobadilika kwa majira ni mvua. Katika masika mawili ya mwaka, mvua ya bondeni huwa theluji kileleni, na mawingu huifunika barafu kama mwavuli. Katika miezi ya kiangazi theluji mpya ni kidogo na anga linafunguka.

Hapo kuna jambo la kuangalia vema. Sisi mapadri wa nchi za joto twajua tofauti ya kanzu nyeupe na kanzu nyeusi juani. Theluji mpya ni kanzu nyeupe: inarudisha sehemu kubwa ya nuru ya jua, yapata sehemu 8 katika 10. Barafu ya zamani, iliyochafuka kwa vumbi na masizi, ni kanzu ya rangi nzito: inameza zaidi ya nusu ya nuru hiyo na kuyeyuka. Basi theluji inapokosa kuanguka, hasara ni mara mbili: barafu haikupokea kitu, tena imevuliwa nguo yake nyeupe. Na joto la dunia likipanda kidogo tu, mahali palipokuwa pakipata theluji sasa panapata mvua, nayo mvua haimvishi mtu nguo nyeupe.

VII. Tangu mwaka 1906 mpaka leo

Mwaka 1906 mtemi wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda vilele vikubwa vya Ruwenzori, naye Vittorio Sella alipiga picha. Picha hizo ni hazina mpaka leo, kwani zinaonyesha barafu ilikuwa wapi. Wakati ule zilihesabiwa barafu 43 katika milima sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Mwaka 1932 msafara wa Wabelgiji ulichunguza upande wetu wa Kongo. Baadaye Jean de Heinzelin, yule yule aliyepata mfupa maarufu wa Ishango mwaka 1950, alichunguza barafu ya magharibi ya mlima Stanley na alama za kurudi kwake nyuma.

Mwaka 2003 barafu ilikuwa imebaki katika milima mitatu tu, Stanley, Speke na Baker, na yote pamoja ilikuwa yapata kilometri mraba 1, yaani hekta 100. Karibu miaka 20 baadaye haikufika hata hekta 50, na sehemu kubwa yake iko juu ya Stanley. Ndugu mkulima anajua hekta 50 ni shamba la kiasi gani. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za urithi wa dunia katika Afrika zinaelekea kwisha kufikia mwaka 2050.

Zamani barafu ya Ruwenzori iliwahi kushuka mpaka karibu na metri 2.000, yaani si juu sana kuliko Butembo. Malundo ya mawe iliyoyaacha yangali yakionekana mabondeni. Baridi ile ilikwisha polepole, kwa muda wa maelfu ya miaka. Upungufu wa sasa umetokea katika maisha ya babu, baba na mtoto.

Tena kumbukeni tulivyosema: barafu ikiwa nyembamba, mwendo wake unapungua. Mwisho haina tena uzito wa kujipinda wala kuteleza. Inalala pale pale kama jiwe, na kuyeyuka mahali ilipo. Wataalamu wanaiita barafu mfu. Haifi kwa sababu ya kushuka. Inakufa kwa sababu juu haipokei tena.

VIII. Tuwaambie nini waamini?

Kwanza, tusiseme uongo hata kwa nia njema. Nimesikia ikihubiriwa kwamba theluji ikiisha mito yetu yote itakauka. Sivyo. Wataalamu waliopima mto Mubuku, upande wa Uganda, walikuta kwamba maji ya barafu hayafiki sehemu 2 katika 100 za maji yanayofika chini ya mlima. Mito ya Ruwenzori inalishwa na mvua, na mvua inahifadhiwa na misitu, na mabwawa ya majani na kuvu la kijani la huko juu. Basi anayekata msitu anadhuru mto kuliko jua linaloyeyusha barafu. Jambo hili latuhusu sisi wenyewe, hata huku Kasugho, penye msitu lakini pasipo theluji.

Pili, tusiwaache watu wadhani kwamba ni uchawi, ao hasira ya Kitasamba. Sababu zinajulikana. Wataalamu wamebishana kama joto lilitangulia ao upungufu wa mawingu na unyevu. Lakini joto la dunia limepanda, na sababu yake kubwa leo ni moshi wa makaa ya mawe na petroli unaochomwa zaidi katika nchi tajiri. Mwananchi wa Mutwanga hakuchoma makaa hayo, lakini ni mlima wake unaovuliwa nguo. Papa Fransisko aliandika juu ya udhalimu huo katika Laudato si', mwaka 2015.

Tatu, tujifunze kwa Wakristu wengine. Huko Uswisi, karibu na barafu kubwa ya Aletsch, watu wa Fiesch na Fieschertal waliweka nadhiri mwaka 1678, kwa kuwa barafu ilikuwa ikiwatishia na mafuriko yakiharibu mashamba. Kwa muda mrefu waliandamana wakimwomba Mungu aizuie isikue. Mwaka 2010 walipewa ruhusa na Roma kugeuza nia ya sala: sasa wanaomba isiishe. Sikuona ajabu ya kuchekwa katika habari hii. Ni watu waliotazama mlima wao kwa uangalifu, na walipoona ukweli umebadilika, walibadilisha sala yao.

Nilipokwisha kuyasoma hayo nilirudi kwa mwalimu wetu wa Kasugho, nikamwambia mfano wa maandamano. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: «Basi, Padri, inashuka. Ila kule kapelani hawatoki tena watu wa kutosha.» Nikamjibu kwamba ndivyo. Akaniuliza kama Jumapili tuendelee kuiita theluji imsifu Bwana. Nikamwambia: tuendelee, mwalimu, maana ingali ipo, tena tuwapeleke vijana wetu waitazame, ili siku moja watakaposali wimbo huo wajue walikuwa wakimwita nani.